Makande ya Wasiofika

Devotha alipakua makande kwenye hotpoti tano, akazifunika, akabandika jina la mtu kwenye kila kifuniko.

"Hawa wageni wako watano wanafika saa ngapi?" aliuliza mama yake mdogo, Priska, huku akipangusa viti vya ukumbi waliouazima kwenye usharika.

"Hawafiki, mama mdogo."

"Hawafiki, na umewapikia?"

"Ndiyo sababu nimewapikia. Ni faini yao."

Priska alitikisa kichwa, akaendelea kupangusa. Alikulia milimani, sheria hiyo aliijua. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likilia, kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, na asiyefika hutozwa. Kilichomshinda ni habari ya kuzoa tope la kwenye simu.

Ndiva ya kwenye simu ilikuwa programu iitwayo Chora-Cheza. Devotha alipokuwa sekondari, nusu ya shule walikuwa nayo. Unachora vitu vyako kwa kidole, unaviamuru viruke au vikimbie, jioni una mchezo wako mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Walikuwa na jukwaa la kuonyeshana michezo na kutaniana. Kisha mtengenezaji wake, waliyemjua kwa jina la Fundi tu, akaiacha. Simu mpya zikaikataa. Watu wakahama mmoja mmoja bila kuaga, mpaka Devotha akabaki peke yake na simu yake kuukuu iliyopasuka kioo, na mchezo wake wa kuteremsha maji ya ndiva yafike kwenye mahindi kabla hayajanyauka. Siku simu hiyo ikizima, mchezo nao basi. Wazo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Alimwandikia Fundi kumbembeleza. Jibu lilikuwa mstari mmoja: nikiona watu bado wapo, nitarudi kuitengeneza.

Watu hawakuwepo. Basi Devotha akawatunga, kila mmoja na akaunti yake jukwaani. Kwanza Bi Raheli, mbishi wa kupindukia. Kisha Mzee Elinaza, wa kulalamika kwamba vitufe ni vidogo mno. Kisha vijana watatu wa kugombana na hao wawili. Mchana alitoa fotokopi karibu na stendi ya Same, jioni akajibizana mwenyewe kwa mwenyewe huku akicheka, mpaka Priska akawa anamchungulia mlangoni kuona kuna nani. Hakuwa amefurahi hivyo tangu shule.

Fundi aliwajibu: msichoke, wenzenu watakuja.

Na kweli wakaja. Alikuja Eunike wa Kileo, mpole, mwenye maswali mengi. Alikuja Fanueli wa kule bwawa la Nyumba ya Mungu na mchezo wa uvuvi ambao, sijui kwa nini, ulikuwa na ng'ombe wawili ufukweni wasio na kazi yoyote. Wakafuata wengine wawili. Devotha aliruka kwa furaha: watu wa kweli, hatimaye! Mvua zilipoangusha mnara wa simu kule kijiji cha Kisiwani, wote wanne walinyamaza siku kadhaa, naye akadhani Bi Raheli amewakera. Bi Raheli akaomba radhi, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Bi Raheli huyo huyo ndiye aliyeleta balaa. Alipendekeza msaragambo: wote wakutane Same, Fundi alete Chora-Cheza mpya, waijaribu pamoja, na asiyefika atume faini ya chakula. Devotha aliandika kwa utani tu. Fundi akakubali palepale. Eunike na Fanueli nao wakasema hawakosi.

Sasa Devotha alikuwa amebanwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Fundi akigundua kwamba amedanganywa, angebeba kompyuta yake na kuondoka, na haki angekuwa nayo.

Pikipiki ilinguruma nje. Akaingia mwanamume mrefu, shuka juu ya koti, begi la kompyuta begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu," alisema Priska.

Mgeni akamgeukia Devotha. "Mimi ndiye Fundi. Naitwa Koileken, natokea Kisiwani hapo. Kazi imekwisha, sasa inafunguka kwenye simu zote." Akatazama viti vitupu. "Bi Raheli yuko wapi? Nimekuja na hamu ya kubishana naye."

Devotha alizisogeza hotpoti mbele. "Anamuuguza mama yake. Mzee Elinaza kifua kimembana. Wale vijana watatu wana harusi Mwanga. Lakini faini zao hizi hapa, wametuma."

Koileken alisoma majina kwenye vifuniko, moja baada ya jingine. Mwandiko ulikuwa mmoja. Kisha akamtazama Devotha, akamtazama tena.

"Wengine watakuwa njiani," Devotha aliongeza haraka. "Eunike, Fanueli, na wale wawili. Hao hawakosi!"

Koileken aligeuka, akatoka nje. Devotha alimsikia akifungua kamba za pikipiki, akajua kwisha habari. Machozi yalimlenga. Priska aliacha kupangusa.

Mlango ulifunguka tena. Koileken aliingia amekumbatia vibuyu vinne vya maziwa, akavipanga kimoja kimoja kando ya hotpoti, taratibu, macho chini.

"Hiki cha Eunike, anamuuguza mama yake," alisema. "Hiki cha Fanueli, kifua kimembana. Na hawa wawili... hiyo harusi umesema iko Mwanga?"