Vyura wa Mama Ngosa

Kila magharibi Mama Ngosa aliomba dirisha lifunguliwe, asikilize vyura ambao kwa binti yake hawakuwepo.

"Beko naimba," alimwambia binti yake. "Unabasikia, Hortense? Sawa vile kwetu Pweto."

Hortense aliinama akaitazama midomo ya mama yake kwa karibu, maana ugonjwa ulikuwa umemmaliza sauti bibi wa watu. Kisha akachungulia nje. Bwawa lilikuwa palepale chini ya dirisha, limetulia. Hakukuwa na chura hata wa dawa.

Bwawa hilo alilichimba mwenyewe, pale alipozoea kupanda mboga za lengalenga. Mama alipoletwa Lubumbashi kutoka kwao Pweto, ziwani, miguu imekufa, aligoma kula. Alisema neno moja tu: angesikia tena vyura, usingizi ungerudi, na chakula kingepita kooni. Kumrudisha Pweto haikuwezekana. Mwili ule usingeistahimili barabara. Basi Hortense akaamua kumletea maji nyumbani.

Kazi haikumtisha. Nusu ya maisha yake aliisimamia mashine ya kusaga mahindi huko Katuba, ile iliyonguruma mpaka mabati yakatetemeka. Alitandika turubai shimoni, akapanga mawe, akaotesha matete aliyoyang'oa mtoni, akaiachia mvua ijaze.

Na viumbe wakaja bila kualikwa. Kerengende wekundu walitangulia, wakafuata konokono, kisha vidudu vya miguu mirefu vinavyotembea juu ya maji kama wenye nyumba. Ndege mdogo wa kutikisa mkia akapafanya bafu lake. Hortense alifurahi kama mtoto. Vyura tu ndio walimkatalia. Jioni alinyata, akayapanua matete kwa mikono miwili, akaambulia matope.

"Ni bale badogo-dogo," mama yake alimwambia. "Habaonekane. Banasikika tu."

Maneno hayo yalimkata maini. Tangu utotoni Hortense aliwasikia wakubwa wakisema kwamba mgonjwa akianza kusikia sauti za kwao, sauti ambazo mtu mzima wa afya hazisikii, basi waliotangulia wamekuja kumchukua. Na hawa walipitia wapi? Walipitia kwenye maji aliyoyachimba yeye, kwa jembe lake mwenyewe.

Hakuwa na wa kumwuliza. Waliishi wawili tu, na siku hizi watu wa mtaa walikuwa na tabia mbaya ya kusema chini chini, kama waliomficha jambo. Magharibi moja jirani yake Gérard alisimama kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zao, akalionyesha bwawa kwa kidevu, akasema kitu huku akicheka.

"Mama iko vilevile," Hortense akamjibu. "Mungu anasaidia."

Gérard alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Mama Ngosa alianza kumaliza uji wake. Alilala vizuri, akaamka na tabasamu. Ungedhani Hortense angeshangilia, lakini ndipo alipoogopa hasa, kwa sababu amewaona wagonjwa wengi wanaopata nguvu ghafla siku zao za mwisho.

"Leo beko bengi," mama alimwambia, macho yanang'aa. "Sawa vile baniita kwetu."

Asubuhi yake Hortense alishika koleo kulifukia bwawa. Alilia huku anachota udongo, lakini hakuacha. Mama yake alimwona kutoka dirishani, akanyoosha mkono.

"Hapana, mutoto wangu. Hapana."

"Niko nafanya hivi juu yako, Mama!" Hortense akapaza sauti. "Miye sitaki bakubebe!"

Matete yakalala, udongo ukayameza maji. Kerengende walizunguka juu ya tope kwa muda, wakitafuta pa kutua, kisha wakaondoka.

Magharibi ilipofika alilifungua dirisha yeye mwenyewe.

"Ungali unabasikia, Mama?"

Mama Ngosa alisikiliza kwa muda mrefu. Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni.

"Banyamaza," alisema.

Hortense alipiga magoti akamshukuru Mungu. Waliomwita mama yake wameshindwa, wamerudi walikotoka. Alimpikia uji mzito wenye karanga, akauleta wa moto. Mama Ngosa aligeuzia uso ukutani.

Hakuugusa siku hiyo, wala siku zilizofuata. Hortense alimbembeleza, akamsihi, akakasirika, akaomba msamaha kwa kosa asilolijua. Mama hakumtazama tena. Ule uso wa dirishani ulikuwa umezimika, na Hortense, aliyeamini kwamba amemwokoa, alibaki kumwaga uji uliopoa.

Alikuwa uani anaosha bakuli pale mtu alipomgusa bega. Aliruka kwa mshtuko. Alikuwa jirani yake Gérard, ameleta maparachichi kwenye mfuko, uso umejaa furaha. Alisema kitu.

"Sema tena, voisin," Hortense akamwomba, akimkazia macho mdomoni.

Gérard akaweka mfuko chini, akakinga mdomo kwa viganja viwili, akaita kwa nguvu kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto:

"Aksanti, maman! Juu ya kufukia ile maji! Bale bachula yako balikuwa naimba usiku muzima! Tangu mvula ianze, ku nyumba hatukuwe nalala! Tulikuwa navumilia tu juu ya mama!"