Yai la Aliyepona

Mama wa mtoto aliyepona alimwekea Serwaa, mtafiti wa saratani ya damu aliyemtibu kwa dawa ya majaribio, sahani ya viazi vikuu vilivyopondwa kwa mawese, na yai zima juu. Mjini Kumasi, hicho ndicho chakula cha aliyeponea chupuchupu.

"Mwenyewe ameshakula lake, yuko nje anapiga mpira. Kula, daktari, usinitie aibu."

Yai lilikuwa bado la moto. Asubuhi ile kampuni yenye dawa hiyo ilikuwa imempigia simu Serwaa kutoka Ulaya kumpongeza: dawa imefaulu, majaribio yamekwisha, iliyobaki irudishwe, itauzwa kwao kwanza. Wakaomba na picha ya mtoto, akiwa anacheka.

Serwaa aliuma. Kiini kikamkwama kooni.

"Polepole," mama alicheka, akimsogezea maji. "Ulisema nisimkatizie dawa hata siku moja. Basi ya mwezi ujao nije lini?"