Wimbo Ambao Piano Haiujui

"Toa mikono, Shangazi! Piano si inapiga yenyewe?"

"Na ugali ulishwe na mashine basi! Kaa chini, Mrutu, funga domo. Wimbo huu haiujui. Huu ni wetu."

Nikakaa. Siku hizi ukigusa nota mbili tu, piano yoyote inautambua wimbo na kuumalizia, vitufe vinashuka vyenyewe. Mimi sijawahi kuona mtu akimaliza wimbo kwa vidole vyake.

Shangazi Nakijwa akaanza wimbo aliotunga babu, mwalimu wa kwaya kule Usangi, ambao hata kanisani waliusahau. Kweli, piano ikatulia. Vidole vikapanda, vikateleza katikati, vikarudi kuutafuta wimbo. Nywele zilinisimama. Babu sikumkuta, lakini aisee, alikuwemo sebuleni.

"Rudia, Shangazi. Nakuomba."

Akacheka, akagusa nota mbili.

Vitufe vikashuka vyenyewe, mbele ya vidole vyake. Pale alipoteleza mara ya kwanza, piano nayo ikateleza vilevile. Akatoa mikono kama ameungua. Wimbo ukaendelea, na ng'ambo ya ukuta piano ya jirani ikauanza.

Shangazi alinitazama. Akageuka, akatoka nje.