Angeenda Wapi?

"Hastahili huruma, mwalimu," darasa zima lilinijibu kwa mara ya tatu.

Walinichosha. Wiki nzima tunasoma tamthilia moja ya zamani, na bado Kidato cha Tatu hawamwelewi yule mwanamke. Mumewe anampiga. Anakimbilia kwao, baba anamrudisha, naye anajitosa mtoni.

"Angevumilia tu," msichana mmoja alisema. "Si mahari ilikuwa imelipwa?"

Niligonga meza hadi chaki ikavunjika mkononi. "Baba mzazi amemfungia mlango! Angeenda wapi? Hebu niambieni, angeenda wapi?"

Wote walikuwa wakitazama dirishani.

Binti yangu Robi alikuwa amesimama nje, begi kichwani. Mguu mmoja ulikuwa na slipa. Mwingine ulikuwa mtupu, umejaa matope ya njia ya Kegonga, alikoolewa, hadi kwenye kifundo.

Ng'ombe wa mahari tuliopewa kwa ajili yake tuliwatoa wote Januari, kaka yake alipooa.

Nilitoka, nikaufunga mlango nyuma yangu.

"Robi," nilimuuliza, "mumeo anajua uko hapa?"