Ngao ya Kijani

“Ngao ya kijani?” kaka yake aliuliza, na kompyuta ingali ndani ya begi.

Karani aliitikia kwa kichwa, aibu imemjaa. Mwenzake wa ofisini ndiye aliyempa kwenye flashi: programu ileile ya kuzuia virusi inayojulikana na wote, ila imefungashwa upya na mtu asiyejulikana, kamili, bila malipo. Akaiweka. Ngao ya kijani ikawaka kwenye pembe ya kioo, naye akalala usingizi wa pono. Asubuhi kila faili lilikuwa limefungwa, na kioo kizima kimebaki na sentensi moja: “Zima mashine, harafu tafuta msaada.”

Mama yao, mwalimu mstaafu, alipoisoma alitoa kalamu nyekundu mkobani na kuligonga lile “harafu” mara kadhaa. Pamoja na machungu yake, karani alicheka. Wezi wa mbali hao, alimwambia, mpaka lugha yetu wameiba, na hawajui kuitumia.

Sasa Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la duka jipya la mwanawe, kitambaa shingoni. Tangu apasuliwe koo hana sauti. Kabla ya hapo alikaa jioni nyingi mbele ya kompyuta ya binti yake, akisimulia hadithi, akiimba nyimbo za kubembelezea watoto, akiwaita wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Nakala nyingine haikuwepo. Karani alikuwa mtu wa kesho, kesho.

Mezani kwa fundi zilipangwa kompyuta nyingi, zote zina ugonjwa huohuo. Kufa kufaana, tangu ngao ile izagae mjini, duka lake halikosi foleni.

“Rahisi ni ghali, mdogo wangu,” alisema huku akichomeka waya. “Kinga unaichukua kwa wenyewe walioitengeneza. Haya, nafuta kila kitu, nakuwekea upya.”

“Usifute. Sauti ya Mama imo humo.”

Bisibisi ilimtoka mkononi. Alimtazama Mama, akaitazama mashine.

“Sauti gani?”

Karani akamweleza zile jioni zote. Hakumwambia mapema kwa sababu siku hizo kaka mtu hakuwa akipatikana, simu zake hapokei, kila saa yuko kazini. Basi afungue tu, alimsihi. Mafundi hawakosi ufunguo.

“Hakuna ufunguo.”

“Hata hujajaribu, kaka.”

“Hakuna. Haukuwahi kutengenezwa.”

Akainamia meza akalia, mtu mzima mwenye ndevu zake. Karani alimhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Akamwekea mkono begani, akamwambia si kosa lake, aliyefanya haya Mungu anamjua.

Mama aliinuka kwenye benchi. Alisogea polepole mpaka ukutani, penye tangazo ambalo mwanawe aliwaandikia wateja kwa mkono wake: “Acha mashine mezani, harafu subiri nje.”

Alitoa kalamu nyekundu, akaizungushia duara herufi moja, kama alivyofanya katika kila daftari la mwanawe tangu darasa la pili.