Waya wa Kengele

Kengele ililia mara mbili, fupi fupi, na Muthama akaacha tonge la ugali kwenye sahani.

"Laini ya Kitui imekatika tena," alisema. Akavaa mabuti, akachukua mkoba wake wa koleo, akatoka bila hata kunawa.

Nzilani alibaki akiutazama ule ugali. Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na ndiyo kwanza ilikuwa Jumanne.

Muthama alikuwa fundi wa simu hapo Kwa Vonza. Mwezi wa pili mwaka huo wa 1978 alitundika kengele ukutani juu ya kabati, akavuta waya mweusi hadi nje na kuuficha ndani ya ua wa minyaa. Alimweleza mkewe kwamba waya ule unaishia ofisini, kwenye bodi ya simu. Laini ikikatika, bodi yenyewe itamwita fundi nyumbani. "Lakini inakula moto wa betri za bodi," aliongeza. "Hizo betri zikitolewa, hii kengele ni bati tu." Nzilani alijivunia kengele yake. Aliwaonyesha hata wageni wa kanisani.

Fahari haikumaliza mwezi. Kwani nani alikaa na hiyo bodi kutwa nzima? Nyawira, opereta, msichana wa kutoka Nyeri, mrefu, mwenye sauti ya kukuuliza "namba gani tafadhali" kama anayekukaribisha chai. Nzilani alimchukia kwanza kwa ile sauti, halafu kwa viatu vyake, halafu kwa kila kitu. Kengele ikilia, wivu ulimkwama kooni kama punje ya mahindi ya muthokoi isiyoiva.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, Kalunde, fundi wa cherehani aliyeongoza maombi ya kina mama. Mume wa Kalunde alifanya kazi Mombasa na kurudi Krismasi kwa Krismasi. Kila Jumatano alasiri kina mama walikutana nyumbani kwake, kwenye sakafu nyekundu ya simiti iliyong'arishwa mpaka ukajiona. Hakuna aliyeikanyaga na viatu. Kalunde mwenyewe alivipanga vya wageni pale mlangoni, pua zikitazama nje, ili mtu akiondoka asihangaike.

"Umeona?" Nzilani alimnong'oneza Jumatano moja wenzao walipokwisha kwenda. "Siku ya maombi hiyo kengele hailii. Haijawahi hata mara moja."

"Shetani anaogopa maombi," Kalunde alisema, akimshika mikono yote miwili. "Wewe vumilia tu, Mama Ndolo. Huyo msichana usimguse, na hiyo waya usiikate, bwana yako atafutwa kazi bure. Wachia Mungu."

Nzilani alimwachia Mungu siku nne. Ya tano alifunga kitambaa chake cha kanisa na kwenda kwa Mzee Nzomo, ambaye shemeji yake alikuwa mkubwa wa simu kule Machakos. Alilia kidogo, kisha akatia chumvi nyingi. "Nimewaona na macho yangu, mzee. Wameshikana." Hakuwa ameona chochote. Lakini palipo na moshi hapakosi moto, alijiambia njiani akirudi, na moshi alikuwa ameshaupumua vya kutosha.

Baada ya wiki mbili barua ilifika. Nyawira alihamishiwa Garissa.

Kalunde alipoambiwa, sindano ilimdunga kidole. "Umemtoa? Kabisa?" Akainyonya ile damu. Huyu mama ana huruma kupita kiasi, Nzilani alifikiri.

Ijumaa, Muthama akiwa Ikutha siku ya tatu akisimamisha nguzo zilizoanguka, Nzilani alikwenda ofisini kuhakikisha kwa macho. Lori lilikuwa limekuja kuchukua sanduku la Nyawira. Likachukua pia betri zote za bodi, zikachajiwe Kitui mpaka opereta mpya afike Jumatatu. Mlango ukatiwa kufuli.

Nyawira alimwona, akamsogelea.

"Mama Ndolo, mimi ni mchumba wa mtu," alisema, na ile sauti haikuwa ya chai tena. "Arusi yangu ilikuwa imetangazwa kanisani kwetu. Hiyo stori yako imefika huko kabla yangu. Wamerudisha mbuzi wa mahari."

Nzilani aligeuza uso mpaka lori likaondoka. Alisikia aibu kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, na siku hiyo alilala kama mtoto.

Jumamosi alasiri Muthama alirudi na vumbi la Ikutha mpaka kwenye nyusi. Nzilani alimchinjia jogoo. Habari za Nyawira na za betri alimwekea, amwambie akishashiba. Alimtazama akikata paja la kuku na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili aliona ana mume.

Kengele ililia mara mbili, fupi fupi.

"Laini ya Kitui," Muthama alisema, tayari akivuta mabuti yake. "Hawa watu hawatanipa nafasi nile."

Nzilani alingoja mpaka hatua za mumewe zikapotea, akatoka, akaingiza mkono ndani ya ua wa minyaa na kuushika ule waya. Akaanza kuufuata. Utomvu wa minyaa ulimchoma mikono, miiba ya mgunga ikamshika gauni, naye hakuuachilia. Kwenye kona ya mwisho, pale pa kupinda kulia kwenda ofisini, waya ulipinda kushoto. Ulipita nyuma ya kinu cha posho, ukapita nyuma ya kanisa, ukapanda ukuta mmoja na kuingia ndani kwa tundu dogo chini ya dirisha.

Alizunguka mbele polepole. Pale mlangoni, kando ya sakafu nyekundu, mabuti ya Muthama yalikuwa yamepangwa vizuri, pua zikitazama nje.