Darasa la Jumanne

"Umenimaliza!" Hortense alimwambia Ngugi mbele ya milango ya stesheni ya Fittja, kitongoji cha Stockholm, na watu waliokuwa wakishuka kwenye treni wakageuka kutazama. Watoto wawili wa Ngugi, mabegi mgongoni, walimkodolea macho mwalimu wao.

"Kwani nimefanya nini, Mwalimu?"

"Si ulikuwa unanicheka? Eti Kiswahili cha Bujumbura hakina ngeli. Sasa umemtoa mtoto, darasa limekufa. Umefurahi?"

Ngugi aliwashika wanawe mikono, akaondoka nao bila kuaga.

Kabla ya darasa hilo la Kiswahili, Hortense alikuwa akisafisha ofisi za watu. Kwao Burundi alikuwa mwalimu, na Sweden ilichukua muda mrefu kuliamini hilo. Mwishowe alipewa kipindi kimoja kila Jumanne, baada ya masomo ya kawaida, na watoto watano: wawili wa Ngugi kutoka Kenya, mmoja wa Robinah, Mganda, mmoja wa Emérithe, Mrundi mwenzake, na Natacha, binti yake mwenyewe. Wote walizaliwa huku. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kigeni. Ukiwauliza kwa Kiswahili, wanakujibu kwa Kiswidi. Lakini mwaka huo, 2009, theluji ilipoanza kuyeyuka, aliwasikia wakigombania kifutio kwa Kiswahili, na akajifanya hasikii ili wasiache.

Mwezi wa tano mratibu, Gunilla, akamwita ofisini.

"Bila watoto watano hatuwezi kuendesha darasa," alisema. "Muhula ujao watabaki wanne. Mzazi mmoja amemtoa mtoto wake."

"Mzazi yupi?"

Gunilla alimtazama, halafu akageukia dirishani. "Nilidhani mmeshazungumza. Mambo ya wazazi siwezi kuyaingilia, Hortense. Pole sana."

Hortense alifika nyumbani akilia. Mumewe, Térence, aliacha chakula mezani, akamkumbatia hadi kwikwi zikatulia.

"Ni Ngugi tu," alisema. "Nani mwingine? Kila tukikutana kwenye sherehe anakucheka mbele za watu."

Hortense hakuwa amemfikiria Ngugi hata kidogo. Kulipokucha hakuwa akimfikiria mtu mwingine.

"Halafu dunia si Stockholm peke yake," Térence aliongeza, akimmiminia chai. "Onésime bado anatungoja Brussels."

Onésime alikuwa kaka yake Térence. Wakati wa baridi Hortense na mumewe waligombana sana juu ya kuhamia huko. Hortense alikataa katakata: hakuwa tayari kuwaacha wanafunzi wake akaanze tena kushika ufagio katika nchi nyingine. Safari hii hakuwa na nguvu za kubisha.

"Tutaona," alisema.

Térence akambusu kwenye paji la uso. Jumanne iliyofuata ndipo Hortense alipomkabili Ngugi pale stesheni.

Kipindi cha mwisho kiliangukia mwezi wa sita. Hortense aliwapa watoto biskuti na juisi, akawaimbisha, akawakumbatia mmoja mmoja. Walipokimbilia uwanjani kucheza, Natacha alibaki kumsaidia kufuta ubao.

Mlango ukagongwa. Aliingia Ngugi, na nyuma yake Robinah na Emérithe.

"Sikuja kugombana, Mwalimu," Ngugi alisema. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Kukucheka nilikucheka, na kwa hilo naomba msamaha. Lakini watoto wangu sijawatoa. Wote wawili wanaendelea. Kwa vile ulinitukana mbele yao, nimewauliza na hawa wenzangu."

"Mutoto yangu iko," Robinah alisema. "Mimi nimutoe, aende kusomea Kiswahili wapi?"

"Hata wangu yupo, ma chère," Emérithe alisema. "Nani alikudanganya? Twende wote kwa Gunilla, sasa hivi, atuambie vizuri."

Hortense alihisi uso ukimwaka moto. Alitaka kumwomba Ngugi msamaha, na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, lakini kichwa chake kilikuwa kikihesabu. Wawili wa Ngugi. Mmoja wa Robinah. Mmoja wa Emérithe. Akahesabu tena, polepole.

Akageuka. Natacha alikuwa ameacha kufuta. Amesimama akiutazama ubao, kitambaa mkononi, mabega yamepanda juu.

"Natacha?"

Mtoto hakugeuka. Alijibu kwa Kiswidi, harakaharaka, kama anayetua mzigo uliomlemea:

"Baba alisema nisikwambie mpaka tufike Brussels."